Paa la Mafundi wa Boti

Nilisimama wakati wa matangazo. Kanisani kwetu watu hawasimami wakati wa matangazo. Yanasomwa, kila mtu anaangalia viatu vyake, padri anatoa baraka, watu wanakwenda kula. Lakini Jumapili ile mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alitangaza kwamba paa la kanisa limeoza, kwamba vijana wataanza kulibomoa Jumamosi, na kwamba jipya la kisasa litajengwa palepale. Nikajikuta nimesimama.

"Nani kalipima?" nikauliza.

Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake. Ni mtu wa kuja. Serikali ilimhamishia Kigoma akiwa kijana, akastaafu hukuhuku, akajenga kijijini kwetu kwa sababu alipenda upepo wa ziwa. Si mtu mbaya. Anapenda vitu vipya vinavyong'aa, na anaamini kwamba kila anayembishia hajaelewa bado.

"Nesi, kaa chini," akasema kwa upole. "Mambo ya ujenzi yana wenyewe."

"Nimeuliza nani kalipima. Wodini kwetu mtu hapelekwi mochwari kabla hajashikwa mkono."

Watu wakacheka, padri akakohoa, mwenyekiti akakunja karatasi yake. Mama yangu, aliyekaa pembeni yangu, hakucheka. Alikuwa amenyanyua uso anatazama dari, ile dari nyeupe ya jipsamu ambayo nimeichukia tangu siku ilipowekwa. Macho yake yalikuwa na maji. Nikajua hapo hapo kwamba mimi na kamati hatutaelewana, na wala sikutaka tuelewane.

Mimi naishi Buzebazeba na nafanya kazi wodi ya wazazi mjini. Nikipata nafasi napanda boti Kibirizi, katikati ya magunia ya dagaa na makreti ya soda, nakwenda kwa mama, kaskazini, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kabla hujaona nyumba hata moja unaona kanisa. Limekaa juu ya mwamba likiangalia ziwa, na mnara wake umekatika katikati. Wageni hudhani mnara ulianguka. Haukuanguka. Haukumalizwa. Padri mzungu aliyekuwa anaujenga aliugua akapelekwa kwao, na aliyekuja baada yake alisema kengele inasikika vizuri tu ikitundikwa mwembeni. Wakaufunika kwa bati, popo wakahamia.

Kuta zake ni mawe ya ziwani mpaka kufikia kifua cha mtu mzima, halafu matofali ya kuchoma. Ni nene kiasi kwamba nikiwa mtoto nilikuwa najikunja ndani ya dirisha wakati wa mahubiri na hakuna aliyeniona. Madirisha yenyewe ni membamba, yamepinda juu, na asubuhi jua la mlimani linaingia vipande vipande. Nyuma ya altare ukuta umekwenda nusu duara. Padri yule aliuchora kwa kukumbuka makanisa ya zamani sana ya vijijini kwao, yaliyojengwa watu wakiwa bado wanapigana kwa mikuki. Ndivyo alivyowaambia wazee. Wazee wakamjibu kwamba mikuki wanaijua, ila kanisa la hivyo hawajaliona.

Kuta zilipanda bila shida. Shida ilikuwa paa. Padri alichora kenchi kubwa kwenye karatasi, akazunguka na karatasi yake huku na huku, na hakupata seremala wa kupiga kenchi ya upana ule. Mwisho akaenda Ujiji kwa mafundi wa boti. Wakaitazama ile karatasi, wakairudisha. Kenchi hatujui, wakamwambia, sisi tunajua boti. Ukitaka tutakujengea boti juu ya kuta zako, iliyofudikizwa.

Na ndivyo walivyofanya. Juu kabisa, kutoka mnarani hadi altareni, kuna mkuku, ule mti mkubwa ambao kwenye boti hukaa chini kabisa. Kutoka mkukuni yanashuka mataruma, mbao nene zilizopinda kama mbavu, kulia na kushoto, mpaka zinakanyaga kuta. Juu ya mataruma zimepigwa mbao ndefu, na kila ufa umeshindiliwa pamba iliyolowa mawese, kama boti yoyote ya ziwa hili. Vigae vikaja juu yake, na baadaye bati. Fundi mkuu alikuwa babu yangu, baba wa mama. Alikuwa Mwislamu wa Ujiji. Kila mti ulipopandishwa alianza na bismillahi, na padri akaunyunyizia maji ya baraka. Paa letu limebarikiwa pande zote mbili, halafu mtu mmoja na miwani yake anasimama kuniambia limeoza!

Mama alikuja naye kijijini akiwa msichana mdogo, na ndiye aliyekuwa akimpelekea babu chakula. Siku moja taruma moja lilikuwa chini kwenye nyasi, limesuguliwa hadi limelainika, akanyoosha mkono alishike. Babu akapiga kelele ambayo mama hajaisahau. "Usiguse! Chombo hakijashushwa!" Kwa mafundi wale mwanamke hagusi chombo mpaka kiingie majini. Kikishaingia, atakaa, atalala, atajifungulia humo akitaka, hakuna atakayemsema. Lakini kabla ya hapo, hapana.

Sasa fikiria mwenyewe. Boti hii ilikuwa paa la kanisa. Ingeshushwa majini lini? Kwa hiyo katazo likabaki, miaka ikapita, mafundi wakafa, na kijiji kizima, Wakristo watupu, kikaendelea kulishika katazo la mafundi wa Ujiji kama amri ya Mungu. Mama aliolewa kijijini hapo, akabatizwa na kufunga ndoa chini ya paa la baba yake. Babu alikuja harusini. Hakuimba, hakupiga magoti, alikaa karibu na mlango na muda wote alikuwa anatazama juu.

Kila mwaka kabla ya mvua tulikuwa na siku ya mafuta. Kila nyumba ilileta mawese. Wanawake tuliyachemsha uwanjani kwenye masufuria makubwa, tukayapitisha mlangoni, na hapo mlangoni kazi yetu ikaisha. Wanaume walipanda na matambara, wakasugua mkuku, wakasugua mataruma, wakashindilia pamba palipoachia. Sisi tulisimama chini tukiimba, na mafuta yakitudondokea. Kitenge chenye madoa ya siku ile hakikufuliwa kwa nguvu. Ulikivaa Jumapili watu waone. Mama anavyo sanduku zima. Kanisa lilikuwa linanuka mawese na ubani mpaka Krismasi, na mpaka leo nikipita kwa wauza mawese sokoni nasikia hamu ya kufanya ishara ya msalaba.

Mambo yaliharibikia kwenye harusi. Tone la mawese lilidondokea shela ya bibi harusi aliyetoka mjini, na ndugu zake wakasema maneno. Kamati ikaona aibu. Mwenyekiti akaleta wazo la dari ya jipsamu, nyeupe, yenye taa za kuzama ndani, na watu wakapiga makofi, maana kweli ilikuwa inapendeza kwenye picha. Ikapigiliwa chini ya mataruma. Mbavu za babu zikafichwa, siku ya mafuta ikafa. Wanaume wala hawakulalamika. Walishaanza kuchoka kupanda, wengine wakaenda kwenye dagaa, wengine Kalinzi kwenye kahawa. Halafu mchwa wakaanza kushusha njia zao za udongo ukutani, vumbi likaanza kudondoka kwenye vitabu vya nyimbo, na kamati ikahitimisha kwamba paa limekufa.

Baada ya misa ile tulibaki nje tukibishana. Nilitaka kitu kimoja tu: dari ifunguliwe, mtu apande, aangalie, kabla nyundo haijagusa chochote.

"Nani apande?" mwenyekiti akauliza. "Likimwangukia?"

"Mimi."

Hapo ndipo nilipopata maadui nisiowatarajia. Mwenyekiti alishangaa tu. Waliokasirika ni wazee wetu wenyewe, walewale waliokuwa wananiunga mkono dakika iliyotangulia. Mmoja wao, mvuvi mstaafu aliyekuwa akipanda siku za mafuta, akapiga fimbo chini.

"Weye mwana, unajua vizuri. Chombo hakijashushwa."

"Basi panda wewe, mzee."

"Magoti yangu hayapandi."

"Kwa hiyo libomolewe kuliko nilishike?"

Alitazama ziwa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa! Afadhali paa life kuliko liguswe na mkono wa mwanamke. Nilimwambia shikamoo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikaondoka, maana ningebaki ningemkosea adabu.

Nilimkuta mama uani anachambua ngazi, matunda ya mchikichi, anatupa mbovu pembeni. Alikuwa amenitangulia kuondoka. Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa hasira zangu zote: kamati, wazee, padri anayesema yeye ni mchungaji wa watu na si wa mbao. Mama aliniacha nimalize.

"Baba alinikataza mimi," akasema. "Wewe hukuwepo."

"Mama, anakataza hadi leo? Amekufa."

"Kwangu anakataza." Akarusha tunda bovu mbali zaidi kuliko mengine. "Maisha yangu yote nimechemsha mafuta ya mti ule, mwanangu. Kila mwaka. Sijui hata ukiushika unakuwaje. Na sasa watautoa wautie motoni, wapikie chai ya mafundi."

Sikuwa nimewahi kumsikia akilisema hilo. Nilikuwa nimedhani anahuzunika kwa ajili ya babu. Alikuwa anahuzunika kwa ajili yake mwenyewe, na haki alikuwa nayo. Nikamwambia nitapanda hata wakinifunga. Akasema, "Panda. Mimi nitachemsha."

Jumamosi vijana walifika mapema na mitaimbo na nyundo, na jukwaa la miti walishalifunga katikati ya kanisa. Ni watoto wetu, wengine nimewapokea mwenyewe wodini, na hilo sikuacha kuwakumbusha. Wanawake nao walifika, na masufuria. Sikuwaita. Mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na alichowaambia sikijui, ila moshi ulikuwa umeshatanda uwanjani na harufu ya mawese imejaa mpaka ufukweni. Mwenyekiti alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Wazee walisimama mlangoni wamenuna.

Nilijifunga khanga kiunoni, nikavua viatu, nikapanda. Hakuna aliyenishika mguu. Nadhani kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake anikataze. Juu kule nikapiga jipsamu kwa mtaimbo, ikapasuka kwa urahisi wa kukera, na vumbi la miaka yote likanimwagikia kichwani pamoja na mavi ya popo. Nilikohoa mpaka machozi. Kisha nikawasha tochi ya simu.

Mchwa walikuwepo. Sikuwa nimekuja kudanganya mtu. Lakini walichokula ni vibanzi vya mbao laini vilivyoletwa kushikilia jipsamu. Vile vilikuwa vimebaki ngozi tu. Nilikifinya kimoja kikawa unga. Mataruma ya babu yalikuwa juu yake, meusi, makavu, yana kiu, lakini mazima. Nikagonga moja kwa nyundo. Likajibu. Nikagonga la pili, la tatu, nikaenda hivyo jukwaa zima, na taruma moja tu, la upande wa mnara ambako bati linavuja, ndilo lililokuwa limeliwa mguuni. Nikaweka kiganja changu juu ya mkuku. Hakuna kilichotokea. Mbingu haikupasuka. Ulikuwa mti mgumu wenye joto la bati, na nilifurahi mpaka nikapiga kelele.

"Mwenyekiti! Kilichooza ni dari yako!"

Nikamtupia vibanzi miguuni. Aliokota kimoja, akakivunja kwa vidole viwili, akakiangalia muda mrefu. Sitamnyima haki yake: hakubisha. Akawaambia vijana wapande wafunge kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, mkukuni ili mabodi yote ya jipsamu yateremshwe, waone vizuri. Wakapanda, wakafunga, wakateremsha. Mbavu moja baada ya nyingine zikatokea. Vijana wale hawakuwa wamewahi kuziona. Mmoja akasema, "Kumbe tuna kitu hiki!" Nikamwambia ndiyo, na ulikuja kukivunja.

Lakini kamati ni kamati. Mwenyekiti alijipangusa mikono akasema, kwa upole wake uleule, kwamba amekiri mbao zina nafuu, ila uamuzi umeshapita, michoro ya paa jipya ipo, na mti ukionekana mzima kwa macho si hakikisho kwamba utabeba uzito. Hawezi kuweka waumini chini ya kitu ambacho hana uhakika nacho. Padri akatikisa kichwa kukubali. Vijana wakaangaliana, mmoja akaokota nyundo.

Nilikuwa nafungua mdomo kutukana, naapa, kanisani, wakati mama alipopita katikati ya watu na bakuli la mawese mkononi. Alikwenda mpaka kwenye kamba ya kapi, akaikamata, akaivuta kidogo.

"Leteni kile kiti," akasema.

Kiti chenyewe ni kile cha mbao chenye mikono, anachokalia padri. Padri akapisha. Wanawake wakakileta, wakakifunga kwenye kamba. Mama akakaa, akajifunga kitenge tumboni na kwenye mgongo wa kiti, akalipachika lile bakuli mapajani.

"Nivuteni."

"Bibi!" mwenyekiti akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza upole ulimtoka. "Bibi, paa hilo litakuangukia!"

"Kama limeoza litaniangukia, utazika, utajenga. Nivuteni."

Yule mzee mvuvi akaja haraka kutoka mlangoni, magoti yake yakiwa yamepona ghafla. "Mke wa ndugu yangu, usifanye. Baba yako alisema nini?"

"Alisema nisiguse mpaka kishushwe. Leo wanataka kukishusha chini kwa nyundo. Kama ndiko kushushwa kwenyewe, muda wangu umefika."

Vijana waliniangalia mimi niliyekuwa bado jukwaani. Nilikagua fundo la kapi kwa mikono yangu, nikaukagua mkuku pale ulipobeba kapi, nikagonga tena ingawa nilishagonga. Nilitaka kumwambia hapana. Ni mama yangu, mifupa yake naijua. Lakini nilikuwa nimetoka kuwatukana watu kwa sababu ya kumkataza mwanamke mti. Nikasema, "Vuteni polepole."

Kamba ikakaza. Mmoja hakutosha, wakaongezeka, mwisho vijana wote waliokuja kubomoa wakawa wameikamata kamba. Kiti kikanyanyuka. Mkuku ukalia mara moja, mlio mfupi wa mti uliokaa sana bila kazi, na kanisa zima likavuta pumzi. Haukulia tena. Mama akapanda akizunguka taratibu, kandambili moja ikamtoka ikaanguka, hakuiangalia. Aliponifikia nikakivuta kiti mpaka kwenye taruma la kwanza. Alichovya kiganja kwenye mawese, akakiweka kwenye mti, akakiacha hapo.

Alikuwa analia, na alikuwa anatabasamu, na mafuta yalikuwa yanateremka kwenye mkono wake mpaka kwenye kiwiko na kudondoka. Tone la kwanza lilimpata mwenyekiti begani, kwenye shati jeupe. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Basi bibi, umegusa," mwenyekiti akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mshusheni."

"Sishuki," mama akasema.

"Bibi..."

"Sishuki mpaka useme mbele ya watu hawa kama mti huu unabeba au haubebi."

Mwenyekiti aliwaangalia vijana wake. Hakukuwa na mmoja mwenye mkono mtupu wa kushika nyundo. Wote walikuwa wamembeba mama yangu, na jasho linawatoka, na hakuna aliyekuwa tayari kulegeza hata kidogo. Akamwangalia padri, padri akawa anatazama mataruma. Akajishika begani, akaiona rangi ya mawese kwenye vidole vyake.

"Unabeba," akasema.

"Sauti!" wanawake wakapiga kelele.

"Unabeba! Paa linabaki!"

Nikamwambia mama haya, tushuke sasa, umeshinda. Hakunisikia. Alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa na mti, anapitisha kidole kwenye ufa kati ya mbao mbili, anachokoa pamba kuukuu iliyowekwa na baba yake au na mtu aliyefundishwa naye. Akageuza kichwa akawaangalia watu wote waliokuwa chini, wazee na kamati na padri.

"Msisimame tu," akasema. "Nileteeni pamba. Huku pameachia."